Majani ya Mmumunye

Msomaji, jani la mmumunye halifi kifo cha namna moja. Hufa kwa uzee, hufa kwa kiu, hufa kwa njaa, na hufa kwa maradhi. Lakini kwa vifo hivi vyote wakulima wengi wana jibu moja, nalo ni jembe: jani likibadilika rangi, mmea hung'olewa. Jibu moja kwa maswali mengi ni hasara. Atakaye kuponya sharti kwanza atambue.

Mmumunye ni wa jamii moja na maboga na matango. Tunda lake likichumwa changa, ngozi ikiwa laini bado, ndilo wauzaji wa mjini huliita kojeti.

Anza kutazama chini ya shina. Majani ya kwanza, yaliyo karibu na ardhi, hugeuka manjano kisha hukauka, hali yale ya juu yangali mabichi. Huo si ugonjwa. Jani kuukuu lililofunikwa na kivuli cha wadogo zake halipati tena jua la kutosha. Mmea hukiondoa chakula kilichomo ukakipeleka kwenye majani machanga na matunda. Likate kwa kisu safi, uuache mmea uendelee na kazi yake. Lakini umanjano ukipanda juu upesi, shika udongo. Ukiwa mkavu kina cha kidole, mmea una kiu. Ukiwa tope, mizizi inakosa hewa. Ukiwa na unyevu wa kadiri, yamkini mmea una njaa ya naitrojeni, na samadi iliyooza vema itaulisha.

Rangi nyeupe ndiyo idanganyayo wengi. Kuna mimumunye ambayo kwa asili yake ina mabaka ya rangi ya fedha kando ya mishipa ya majani. Kuna na ukungu, mweupe vilevile, ambao huanza kwa madoa madogo na kuenea hata jani likakauka. Kipimo chake ni kidole chako. Sugua: baka la asili halitoki, ukungu hutoka kama unga wa muhogo.

Tofauti hii niliijua kabla sijaingia chuo cha ualimu. Mama yangu alilima katika milima ya Taita, zitokako mboga nyingi za soko la Mombasa, na karo yangu ilitoka katika shamba hilo. Mwaka mmoja, nikiwa kidato cha pili, alipanda mbegu ya mmumunye iliyokuwa ngeni kwetu. Zikiwa zimebaki wiki tatu shule kufunguliwa, majani yakaingia weupe. Jirani aliyetutakia mema alimshauri ang'oe yote apande maharagwe. Mama alimshukuru, kisha akaingia shambani akapita mmea baada ya mmea, akisugua majani kwa kidole gumba. Mingi ilikuwa na mabaka yake ya kuzaliwa tu. Michache, iliyobanana penye kivuli, ndiyo iliyougua. Hiyo aliikata majani mabovu akayatia moto, na yaliyo mazima akayaacha, maana mmea usio na majani hauna jiko la kupikia chakula cha matunda yake. Shule ilipofunguliwa, nilirudi pamoja na wenzangu.

Baadaye nilisoma ya kuwa mwaka 1999 mtafiti Wagner Bettiol wa Brazil alionyesha kwamba maziwa ya ng'ombe, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, yakinyunyizwa kila wiki huuzuia ukungu huu. Ni dawa njema kwa mwenye ng'ombe. Lakini penye kikombe kimoja cha maziwa na mtoto mmoja, mtoto hutangulia.

Kuna kifo kimoja ambacho huruma haikifai. Majani yakikunjamana, yakawa na mabaka ya manjano na kijani, na matunda yakatoka na vinundu, huenda ni virusi vinavyoenezwa na vidukari. Kimoja cha virusi hivyo kilipatikana Italia mwaka 1973. Mmea ulioshikwa hauna dawa ya kuuponya. Hapo jembe lina haki: ng'oa mmoja upesi ili uokoe mia.

Wahenga walisema mumunye huharibikia ukubwani. Walinena hayo juu ya mwenendo wa watu. Ila shambani mamumunye mengi huharibika kwa kukosa mtu wa kuyatazama.

Kwa hiyo, msomaji, uwe katika shamba la shule au la nyumbani, ingia asubuhi. Maji uyamwage penye shina, wala si juu ya majani. Geuza jani, utazame upande wa chini ambako wadudu hujificha, kisha sugua kwa kidole. Mmea ule huenda ni karo ya mtu. Jembe litakungoja.