Mwalimu Mwanagenzi

Ndugu walimu wenzangu, nina jambo la kukiri. Kwa miaka ishirini nimefundisha Kiswahili hapa Uganda, mbali na bahari. Maneno kusi, bamvua na maji mafu nimeyaandika ubaoni mara nyingi, na mwanafunzi aliyeyachanganya nilimwuliza kwa ukali, "Nimekueleza mara ngapi?"

Mwezi wa Agosti nilikwenda Malindi kupumzika. Wakati huo kusi huvuma kwa nguvu, na kwa kuwa ghuba ya Malindi haikukingwa na matumbawe kama sehemu nyingi za pwani ile, mawimbi hufika hadi ufukoni. Hapo niliwaona vijana wamesimama juu ya mbao ndefu wakiteleza na mawimbi, mchezo uliotokana na watu wa visiwa vya Pasifiki, hasa Hawaii. Nikamwomba mmoja wao anifunze, ingawa kwa umri ningeweza kumzaa.

Kwanza alinilaza juu ya ubao mchangani, akanionyesha namna ya kupiga maji kwa mikono na kuinuka kwa mara moja. Mchangani nilifuzu. Majini nilianguka. Nilianguka mara kumi, nikanywa maji ya chumvi, na watoto wakacheka. Nilijua yote yaliyonipasa kutenda, ila mwili haukujua.

Kijana yule hakuniuliza amenieleza mara ngapi. Kila nilipoibuka alinishikia ubao, akasema, "Mwalimu, umetazama miguu. Tazama mbele." Kosa moja, neno moja, kisha wimbi jingine. Siku ya pili alinieleza kwamba mwezi umeandama na maji ni ya bamvua, hivyo tungoje yapungue. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulisikia neno lile kwa mtu mwenye haja nalo.

Siku ya nne nilisimama, labda kwa muda wa kuhesabu hadi tatu.

Shule zilipofunguliwa, mwanafunzi mmoja alisema "maji imejaa" mara mbili kwa siku moja. Swali langu la zamani likanifika ulimini. Nikalimeza kama yale maji ya chumvi, nikamwambia, "Maji yamejaa. Haya, sema tena."