Kijana Wetu wa Miji Mitatu

Waliomjua Louisville humtaja kwa gitaa. Wa Columbus huanza na miguu yake, maana aliitembea Cleveland Avenue mchana na usiku, kofia ya sweta imemfunika hadi kwenye nyusi. Akina mama wa Buffalo wao hukumbuka theluji: waliamka wakakuta mlango umeshasafishwa, na nyayo zake zimeelekea kwa jirani. Ni kijana huyohuyo mmoja, mtoto wa dada yangu. Tulimzika Oktoba 2021, akiwa na miaka 23. Jina lake silitaji kwa sababu mama yake ameniomba hivyo. Ugonjwa ndio ameniruhusu niutaje, tena ameniambia nisiuzungukezunguke.

Alizaliwa Nyarugusu, kambi ya wilaya ya Kasulu mkoani Kigoma iliyofunguliwa 1996, wakati watu wa Fizi na Uvira, mashariki mwa Kongo, tulipovuka Ziwa Tanganyika tukikimbia vita. Gitaa alijifunzia kwenye chombo cha kwaya ambacho nyuzi zake zilitolewa kwenye waya za breki za baiskeli. Alikuwa bado mtoto wa shule ya msingi, naye tayari anapiga solo, na kwaya za vijiji vingine vya kambi zilikuja kumwomba kwa mama yake siku za mikutano mikubwa. Mama yake alikubali kwa sharti moja: wamrudishe kabla ya giza, na ameshakula.

Familia yake ilifika Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, 2014, ikapangiwa nyumba upande wa kusini wa mji, karibu na kituo cha jamii cha Americana pale Southside Drive, ambapo ukisimama kituo cha basi unaweza kusikia Kiswahili, Kinepali na Kisomali kwa pamoja. Wiki za mwanzo walipelekwa kupimwa afya. Baada ya damu na kifua kikuu zikaja karatasi za maswali 15, yale ambayo wakimbizi katika majimbo mengi ya Marekani huulizwa, na kwa Kiswahili yapo: una huzuni, una hofu ya ghafla, una mawazo mengi kupita kiasi? Nyumba nzima ilijibu hapana kuanzia juu hadi chini. Miaka ya kusubiri kambini ilikuwa imemfundisha kila mtu kwamba jibu moja baya laweza kusimamisha faili. Nani angejitia ugonjwa wa mawazo wakati ndiyo kwanza amepewa ufunguo wa nyumba?

Ugonjwa ulikuja kimyakimya mwishoni mwa 2016. Aliacha mazoezi ya kwaya. Akaacha kazi ya kupanga mizigo usiku. Kisha akafungua simu yake vipandevipande mezani na kuniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, usiseme hapa. Watu wa ghorofa ya juu wanaandika." Ghorofa ya juu hapakuwa na mtu.

Kwa watu wa Kivu, wagonjwa wa akili wana mahali pao panapojulikana: SOSAME, kituo cha Bukavu kinachoendeshwa na mabradha wa Kikatoliki. Ni kituo chenye heshima, kimetibu watu wengi katika miaka mibaya, lakini jina lake watoto hutupiana kama tusi. Ndiyo maana nyumbani kwa dada hakuna aliyesema kijana ni mgonjwa. Walisema amechoka. Walisema ana mawazo. Walisema kuna mtu aliyewaonea kijicho kwa ajili ya safari. Akapelekwa kwenye chumba cha maombi, watu wakafunga juma zima.

Maombi yale siyadharau, na sitamruhusu mtu ayadharau mbele yangu. Akina mama walilala naye sakafuni, wakamlisha kwa mkono, wakamwimbia nyimbo za Nyarugusu mpaka akasinzia. Hakuna wodi iliyowahi kumpa usiku kama ule. Tatizo ni kwamba kulipokucha hakuna aliyekuwa na njia ya kuendelea, na wote waliapa kutosema nje ya chumba.

Hospitali ya kwanza aliyofikishwa, mkalimani alikuwa mdogo wake wa kike, mtoto wa miaka 11. Kanuni ya serikali kuu iliyotoka 2016 ilikuwa tayari imekataza mtoto kumtafsiria mgonjwa, isipokuwa dharura ambapo mkalimani hapatikani. Huko ni kwenye maandishi. Chumbani palikuwa na yule binti, miguu haifiki chini ya kiti. Kaka yake alisema maneno mazito, maneno ya mtu aliyechoka kuishi. Binti akamgeukia daktari akasema, kwa Kiingereza chake cha darasa la tano, kwamba kaka hapati usingizi. Walimruhusu baada ya siku chache. Leo binti yule ni mtu mzima, na bado akikumbuka hujishika koo.

Mwaka uliofuata, 2017, bunge la Kentucky lilipitisha sheria inayoitwa Sheria ya Tim, likaipitisha hata baada ya gavana kuikataa. Imechukua jina la Tim Morton wa Lexington, mgonjwa wa skizofrenia aliyelazwa mara 37, na mama yake ndiye aliyehangaika miaka mingi ili mahakama iweze kuagiza mgonjwa wa namna hiyo atibiwe akiwa nyumbani, kabla hajaharibikiwa. Nilipomsimulia dada habari za yule mama alinyamaza kwa muda mrefu. "Kumbe hata wao?" akasema. Nadhani hapo ndipo aibu yake ilianza kupungua.

Ukoo ulikuwa umeshaamua kumhamisha kijana. Columbus alikuwako shangazi yake, kilomita kama 340 kwa barabara ya I-71, na mantiki ilikuwa rahisi: mji mpya, majirani wapya, hakuna anayejua. Shangazi alimpokea kwa mikono miwili. Ila kijana alipoanza kutoka usiku wa manane na kutembea mpaka alfajiri, shangazi hakuthubutu kupiga 911, nambari ya dharura. Sote tulikuwa na sababu. Juni 2015, Louisville, polisi alimpiga risasi Deng Manyoun, mkimbizi wa Sudan Kusini, aliyekuwa ameshika mlingoti wa bendera; akafa. Septemba 2016, El Cajon, California, dada wa Alfred Olango, mkimbizi wa Uganda, aliita msaada kwa kuwa kaka yake amechanganyikiwa. Polisi waliofika walimuua; alichokuwa nacho mkononi ni kifaa cha kuvutia sigara ya umeme. Picha zile zilizunguka kwenye simu za Waafrika wote wa nchi hii. Kwa hiyo shangazi alivaa koti na kumfuata kwa nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akubali kurudi. Asubuhi alikwenda kazini hivyohivyo.

Aliyefungua mlango ni jirani. Mama wa Kisomali, Kiswahili chake cha Mombasa, alikuwa amemwona kijana akipita chini ya dirisha lake usiku baada ya usiku. Akabisha hodi akiwa na chupa ya chai. "Dada yangu, huyu mtoto anaumwa kama wangu. Wangu shekhe anamsomea, na kila mwezi anachomwa sindano. Vyote viwili. Wewe unangoja nini?" Shangazi alinipigia simu usiku uleule, analia na kucheka. Tangu ugonjwa uanze, hakuna mtu wa nje ya familia aliyewahi kusema jambo hilo waziwazi, kwa Kiswahili, bila kushusha sauti.

Kliniki aliyoizoea ilipatikana Buffalo, alikohamia kwa baba yake mkubwa 2018, upande wa magharibi karibu na Grant Street. Huko mkalimani alikuwa Mkongomani mtu mzima, anayejua tofauti ya kusema nimechoka na kusema nimechoka. Muuguzi alimweleza dada, aliyesafiri kutoka Louisville, kwamba skizofrenia ni ugonjwa wa ubongo, na kwa wavulana huanza hasa mwishoni mwa ujana au miaka ya ishirini na kidogo. Dada akauliza swali alilolibeba siku zote: kwa nini wangu? Muuguzi hakumdanganya kuwa anajua. Alimweleza utafiti wa Sweden uliochapishwa 2016, uliofuatilia watu zaidi ya milioni 1.3, ukaonyesha kwamba wakimbizi hupata magonjwa ya aina hii kwa asilimia 66 zaidi ya wahamiaji wengine waliotoka maeneo yaleyale. Dada alishika neno moja tu katika hayo yote: hakurogwa.

Sindano aliyoanzishwa huko ilimrudisha kwetu, si yote, lakini sehemu kubwa. Ilimnenepesha na kumtetemesha vidole, solo ikamshinda. Kwaya ya Buffalo ikampa gitaa la besi, akalipenda. Majira ya baridi alijitwika kazi ya kusafisha milango ya wajane na wenye watoto wachanga, bila kutumwa na mtu, wala hakukubali kulipwa zaidi ya mandazi. Kliniki ikiisha alipenda tupite kwenye ile minara miwili ya mawe mekundu ya hospitali ya zamani ya wagonjwa wa akili, iliyosanifiwa na H. H. Richardson na kufunguliwa 1880, wakati huo sehemu yake imegeuzwa hoteli. Aliitazama sana. "Mjomba, waliwajengea wagonjwa kasri," akaniambia mara moja. "Basi waliwaheshimu." Nilimwambia si wote waliotendewa vema humo. Akasema anajua, lakini aliyejenga alikusudia.

Moyo wake ulisimama usingizini. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 kabla ya wengine, wengi kwa maradhi ya mwili ambayo yangeweza kuzuiwa au kutibiwa. Kila aliyempima aliangalia akili yake. Moyo, sukari na shinikizo la damu vilikuja baadaye, kama vilikuja. Hilo bado linanikasirisha, na nalisema kila ninapopata nafasi: mgonjwa wa akili ana mwili.

Magari yalitoka Louisville usiku, yakachukua watu Columbus, yakafika Buffalo mchana. Mama wa Kisomali alikuwamo. Mchungaji aliyezika hakusema kijana alisumbuliwa na nguvu za giza. Alisema: "Alikuwa na skizofrenia. Aliombewa, alitibiwa, alipendwa, na alitutumikia." Kanisani mtu mmoja aliguna, kisha mwingine, na kabla ya jeneza kutolewa akina mama watatu walikuwa wameshamzunguka dada, kila mmoja na mtoto wake wa kumsemea.

Mengine yamebadilika nje yetu. Nambari 988 ya msaada wa afya ya akili ilianza nchi nzima Julai 2022, na anayepiga anaweza kutafutiwa mkalimani. Mwaka huohuo Louisville ilianza kuwaelekezea wahudumu wa afya ya akili baadhi ya simu za 911. Machi 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti ikisema wazi kwamba polisi wa Louisville walikuwa wakiwabagua watu wenye matatizo ya akili. Ni mambo makubwa, na nayashukuru. Lakini mwanamke wa Fizi mwenye mtoto aliyejifungia chumbani bado hapigi 988 kwanza. Anampigia dada yangu.

Juzi nilikuwa kwake simu ilipoita kutoka Columbus: kijana wa miaka 19, halali, hali, anaziba madirisha kwa magazeti. Dada alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna kisu chumbani, akauliza mara ya mwisho alikunywa maji lini. Kisha akasema, "Kaa naye, usimfokee, usimfungie. Mwambie mchungaji aje, na shangazi yake mkubwa. Kliniki nawapigia mimi sasa hivi, na mkalimani nitamdai kwa jina." Akakata simu, akanitupia ufunguo wa gari.