Kasri la Glamis: Mzuka na Hati ya Mashtaka

Kila mwaka nifundishapo Makbeth, tafsiri ya S. S. Mushi iliyochapishwa mwaka 1968, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, Glamis ni mahali pa kweli?" Zamani nilimjibu kwa mkato kwamba ni kweli pako, kaskazini mwa mji wa Dundee huko Uskochi. Siku hizi jibu hilo halinitoshi, na makala haya mafupi yanajaribu kueleza sababu.

Macbeth wa historia, aliyetawala kuanzia 1040 hadi 1057, hakuishi katika kasri hilo. Mfalme Robert wa Pili aliukabidhi ukoo wa Lyon ardhi ya Glamis mwaka 1372, na jengo la mawe lilifuata baadaye, likabadilishwa sura katika karne ya 17. Hata hivyo, mna ndani yake chumba kiitwacho Ukumbi wa Duncan, ilhali Duncan mwenyewe aliuawa vitani karibu na Elgin mwaka 1040. Hapa tamthilia ndiyo iliyopapatia mahali historia.

Mighani ya Glamis ni mingi. Yuko Earl Beardie, mkabaila aliyeng'ang'ania kucheza karata usiku wa kuamkia Jumapili, akapata mwenzi wa kucheza naye, Ibilisi, na inasemekana wangali wanacheza hadi Siku ya Kiyama. Kiko chumba cha siri: wageni walitundika taulo katika kila dirisha walilolifikia, kisha wakatoka nje na kuona dirisha lisilo na taulo. Na yuko Bibi wa Kijivu, mzuka upigao magoti kanisani mwa kasri. Huyu husemwa kuwa Janet Douglas, aliyeteketezwa kwa moto kwa ajili ya uchawi.

Ni huyu wa mwisho aliyenisumbua. Mumewe, John Lyon, alifariki mwaka 1528. Mwaka huo huo Mfalme James wa Tano alijinasua kutoka mikononi mwa baba yake wa kambo, Archibald Douglas, na tangu hapo akauchukia ukoo wote wa Douglas. Janet alikuwa dada yake Archibald. Tarehe 17 Julai 1537 aliteketezwa mjini Edinburgh. Shtaka lake lilikuwa kula njama ya kumwua mfalme kwa sumu na kuwasaidia ndugu zake, uchawi haukuwamo. Sheria ya Uskochi dhidi ya uchawi yenyewe ilipitishwa mwaka 1563. Mfalme aliitwaa Glamis, na mwana wa Janet hakurejeshewa urithi wake ila baada ya mfalme huyo kufariki mwaka 1542.

Yaani masimulizi yamehifadhi moto na kuiacha ardhi. Msikilizaji humhurumia mzuka, wala haulizi nani alilala katika kitanda cha marehemu.

Nakiri kwamba nami nimefanya vivyo hivyo. Nilizaliwa Kilifi. Utotoni tulikatazwa kupita magharibi chini ya mkwaju mmoja, tukiambiwa kwamba pana mzuka wa bibi mchawi. Nilipokuwa nikikusanya data ya tasnifu yangu ya uzamifu, niliinukuu ngano hiyo, nikaiainisha kama mighani ya mizuka, nikachambua mtindo wa fanani. Fanani alikuwa mama yangu. Kinasa sauti kilipozimwa aliniambia kwamba bibi yule alikuwa mjane wa ndugu ya babu. Hakuwa na mtoto wa kiume, na alikuwa na shamba la minazi. Alipoitwa mchawi alihama usiku, akafia ugenini. Shamba lilimwangukia babu. "Karo yako ilitoka kwenye nazi zile," mama alisema.

Sikuyaandika hayo. Nilijiambia kwamba hayakuwa sehemu ya matini. Lakini wazee wa kwetu wangali wanaitwa wachawi, na baadhi yao wameuawa, mara nyingi pakiwapo mgogoro wa shamba. Mtafiti anayekoma pale fanani anapokoma huwa ameshiriki kuuficha mgogoro huo.

Kwa hiyo mwanafunzi anaponiuliza kuhusu Glamis, humwambia kwamba ni mahali pa kweli, kisha humtaka atafute ni nani alimiliki ardhi hiyo kabla ya 1537 na baada yake. Toleo jipya la tasnifu yangu litakuwa na maneno ya mama. Ameniruhusu.