Jina la Nyanya Halimo Daftarini

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii tumezipambia insha zetu tangu shule ya msingi, mpaka walimu wenyewe wamechoka kuiona! Lakini mtu aweza kukataa kwao bila kuhama. Aweza kukaa papo hapo, akachunga mbuzi, akasoma, akala na kulala, na bado asijue kisima anachonywea kilichimbwa na nani. Mpenzi msomaji, nataka kukusimulia juu ya Chama cha Historia cha shule yetu hapa Entarara, kazi tunazofanya, na jinsi kazi hizo zilivyobisha hodi hadi nyumbani kwetu.

Chama chetu hakina makuu. Tuna madaftari manne, kinasa sauti kimoja chenye kukwama, na karatasi kubwa ya ramani iliyoungwa kwa gundi. Kila Alhamisi baada ya masomo tunakutana, na Jumamosi mbili kwa mwezi tunafunga safari kwa miguu kwenda kwa wazee. Hatuendi mikono mitupu. Tunabeba sukari, majani chai na ugoro kidogo. Tukifika, tunainamisha vichwa ili wazee watuguse, maana hiyo ndiyo heshima ya Kimaasai kwa vijana. Mwenye haraka ya kufungua daftari kabla ya chai, we acha tu, atarudi na daftari jeupe.

Kazi ya kwanza ni kujua miaka. Mzee wa kwetu hakwambii "mwaka fulani." Atakwambia, "Wakati Ilnyangusi walipokuwa morani," au "Kabla Iseuri hawajatahiriwa." Kwa hiyo tumejichorea orodha ya marika, kisha tunatafuta matukio ambayo hayana ubishi ili yawe vigingi vya kufungia masimulizi. Ukame wa 1960 na 1961 ni kigingi kimoja. Ng'ombe walikufa kwa wingi katika Kajiado nzima, halafu zikafuata mvua za mafuriko. Hakuna bibi wala babu wa umri huo asiyeukumbuka. Ukimwuliza mtu alikuwa na umri gani wakati huo, umekwisha kumpata.

Kazi ya pili ni kupima hadithi. Siku mawingu yakitengana tunauona Mlima Kilimanjaro, na kuna hadithi inayopendwa sana: eti Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, mlima huo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, ndiyo sababu mpaka wa Kenya na Tanzania unakuja umenyooka kama rula halafu unajikunja kuuzunguka mlima. Tuliifurahia hadithi hiyo mpaka mwenzetu mmoja alipouliza miaka. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani juu ya mpaka huo ni ya 1886. Wilhelm huyo alipata kuwa Kaisari mwaka 1888. Zawadi gani hiyo ya kumfikia Kaisari miaka miwili kabla hajawa Kaisari? Kumbe wakati huo mawakala wa Kijerumani walikuwa wamekwisha kufanya mikataba na watawala wa Wachaga, na upande wa Mombasa ukabaki kwa Waingereza. Ni mambo ya biashara na ubabe, si keki na mishumaa.

Vitabu vinasema pia kwamba mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya mlima huo mwaka 1848, na wataalamu wa Ulaya wakamkatalia kabisa. Tulipomsomea mzee mmoja habari hiyo alicheka hadi akakohoa. Wamaasai huuita mlima huo Oldoinyo Oibor, yaani Mlima Mweupe. "Sasa, wanangu," akauliza, "huo weupe sisi tuliuona kwa macho ya nani?"

Mzee huyo huyo ndiye aliyetupa mtihani mgumu. Tulipotoa kinasa sauti, alikisukuma pembeni kwa fimbo yake.

"Haya mnayoandika yatakwenda wapi?"

Tukamweleza kwamba yatakaa shuleni.

"Na nani atanisomea mimi nijue mmeandika nini?"

Hatukushangaa sana, kwa sababu tulikuwa tumesoma jinsi karatasi zilivyowatenda Wamaasai. Mwezi wa Agosti 1904 viongozi, Olonana akiwa mmoja wao, waliingia katika mkataba na serikali ya kikoloni. Watu wakaondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia na wengine huku kusini. Waliahidiwa kwamba sehemu hizo zitakuwa zao daima. Daima yenyewe haikufika hata miaka saba! Mwaka 1911 ukaja mkataba wa pili, na wale wa Laikipia wakaswagwa pamoja na mifugo yao kuja kusini. Mwaka 1913 kundi la Wamaasai, likiungwa mkono na Parsaloi ole Gilisho, lilipeleka shauri mahakamani. Kesi ikatupwa, hoja ikiwa kwamba mkataba ule ulikuwa kama wa dola na dola, na mahakama haina uwezo juu yake. Mtu aliyesikia habari hiyo kwa baba yake ana haki ya kuiogopa kalamu.

Basi tukaweka sheria ambayo naiona kuwa bora kuliko zote tulizo nazo. Kila tunachoandika tunakirudisha kwa aliyetuambia, tunamsomea kwa Kimaa, naye anasahihisha. Asipotaka jambo fulani libaki, tunalifuta mbele yake. Mzee wetu alitufutisha mistari mitatu, kisha akatusimulia kwa saa nzima.

Mlezi wa chama chetu alitutia moyo kwa habari za mbali. Nchini Ayalandi, alisema, vyama vya historia vimeenea hata mashambani. Tena kati ya 1937 na 1939 watoto wa shule za msingi wapatao 50,000, kutoka shule kama 5,000 hivi, walitumwa kwa babu na nyanya zao kuandika hadithi, dawa za miti, majina ya mahali na habari za kale. Madaftari yao yamehifadhiwa hadi leo, na wasomi wakubwa huyategemea. Nilipenda jambo hilo. Kumbe mwenye kuandika historia si lazima awe na shahada. Aweza kuwa mtoto mwenye kalamu na nyanya mwenye subira.

Na sasa, msomaji, nifike kwa nyanya.

Kazi yetu ya tatu ni ramani. Tunataka kuonyesha visima, njia za mifugo, na maboma ya zamani yaliyokwisha kuhamwa. Wazee wanaume walitutajia visima na njia bila kusita. Ilipofika zamu ya maboma, walianza kubishana. Mmoja alisema boma fulani lilikuwa mashariki ya korongo, mwingine magharibi. Mwishowe mmoja wao akatamka neno lililotuokoa: "Kawaulizeni waliojenga."

Nani asiyejua kwamba nyumba ya Kimaasai hujengwa na mwanamke? Yeye ndiye anayekata fito, anayezisuka, na anayekandika kwa samadi na udongo. Nyumba ya mke mkubwa hukaa kulia kwa lango, ya mke wa pili kushoto, na kadhalika. Kwa hiyo nikaenda kwa nyanya yangu, mama mzaa baba, ambaye sisi wajukuu humwita Koko. Alitembea nasi asubuhi nzima na mkongojo wake. "Hapa nilijenga nilipokuja kuolewa. Pale alikaa mke mwenzangu. Hapa ndama walilala." Mahali penyewe palikuwa uwanda mtupu! Lakini mwenzetu mmoja, ambaye kwao hupenda sana kilimo, akatuonyesha nyasi. Palipokaa boma kwa miaka mingi, samadi hurutubisha udongo, na nyasi zake huwa na rangi na unene tofauti kwa miaka mingi baadaye. Tukatazama. Duara la nyasi mbichi lilikuwa palepale aliposema Koko, hata na pengo la lango. Ushahidi wa mdomo na ushahidi wa ardhi ulipeana mkono.

Kwa jumla Koko alituonyesha maboma matano. Yeye ndiye aliyejenga katika yote matano. Jioni ile nikiandika, swali likanishika: mtu aliyejenga mara tano katika ardhi hii, jina lake liko wapi?

Jibu nililijua. Mwaka 1968 ilipitishwa sheria ya ardhi za vikundi, na kwa sheria hiyo Kajiado ikagawanywa katika ranchi za jumuiya, zile tunazoziita "grupu ranchi." Kila ranchi ilikuwa na daftari la wanachama. Walioandikwa karibu wote walikuwa wanaume, wakuu wa miji. Baadaye ranchi nyingi ziligawanywa, wapima ardhi wakaja na bikoni zao, na aliyekuwamo daftarini ndiye aliyepata kipande. Babu yangu alikuwa amefariki. Kipande cha boma letu kikaandikwa jina la ndugu yake mdogo, akiwa mlinzi wa mjane na watoto. Kwa miaka mingi hapakuwa na ubaya. Lakini mwaka jana zikaja habari kwamba sehemu ya kipande hicho itauzwa. Sehemu yenyewe ilikuwa ile yenye kisima na nyumba ya Koko.

Katika chama tulijadiliana vikali. Wengine walisema, "Sisi ni chama cha historia, si mahakama." Wengine wakasema, "Historia isiyoweza kumsaidia aliyetusimulia ni ya nini?" Mimi nilikaa kimya kwa sababu lilikuwa jambo la kwetu. Mlezi akatukumbusha sheria yetu wenyewe: tunachoandika ni mali ya aliyetuambia. Koko akitaka daftari lisomwe mahali fulani, tutalisoma. Asipotaka, tutanyamaza.

Koko akataka.

Siku ya kikao cha ukoo nilisimama chini ya mgunga, miguu ikinitetemeka, nikasoma kwa Kimaa maboma yote matano, mahali pake, na rika la morani wa wakati huo. Sikutaja kuuza wala kununua. Nilipomaliza, babu mdogo alikaa kitambo akichora mchangani kwa fimbo. Kisha akauliza wazee wenzake, "Ni kweli?" Wakajibu, "Ni kweli, alijenga." Akanigeukia: "Mjukuu wangu, kaa chini." Hakusema zaidi siku hiyo.

Sitaki kukudanganya, msomaji, kwamba mambo yote yamenyooka. Hadi ninapoandika haya, hati haijabadilishwa jina. Lakini kisima na nyumba havijauzwa, na babu mdogo mwenyewe amesema havitauzwa Koko akiwa hai. Baada yake, je? Hapo ndipo sisi vijana tunapopaswa kuamka. Katiba ya 2010 imekataza kumbagua mwanamke katika mambo ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968, inataka wanajamii wote watu wazima wahesabiwe, waume kwa wake. Sheria ziko, lakini sheria huuliza ushahidi, na ushahidi mwingi wa nyanya zetu uko vichwani mwao tu.

Ndugu zangu wanafunzi, likizo ijayo, kabla hujakimbilia kandanda au simu, kaa na nyanya yako. Mwulize alijenga wapi, aliteka maji wapi, alizaa wakati rika gani likiwa morani. Andika, kisha umsomee. Nanyi walimu wetu wapendwa, tunaomba kabati moja lenye kufuli kwa ajili ya madaftari haya, kwa maana mchwa wa Entarara hawajui historia.

Hapa naiweka kalamu chini. Jumamosi inakuja, na Koko ameahidi kutuonyesha boma la sita.