Kalenga: Darasa la Anayetaka Kuwatibu Waraibu

Msafiri atokaye Iringa mjini kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha huikuta Kalenga baada ya mwendo wa kilomita kama 15 tu, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Leo ni kijiji chenye mashamba na makumbusho madogo. Zamani palikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa, yaliyozungushiwa ukuta, nayo yalitekwa na Wajerumani Oktoba 30, 1894. Mkwawa hakukamatwa siku ile. Alipigana hadi alipojitoa uhai mwaka 1898 asitiwe mikononi mwa adui. Fuvu lililopelekwa Ujerumani likarejeshwa hapa mwaka 1954, likapokewa na mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Wageni wengi hutazama fuvu, wakasoma maelezo, wakaondoka. Hata hivyo, kijana wa Kiislamu anayetaka kuifanya kazi ya unasihi wa uraibu, yaani kuwasaidia waliotekwa na pombe au dawa za kulevya, ana la ziada la kujifunza katika nchi hii ya Wahehe.

Msimu wa mvua, mianzi ya Nyanda za Juu Kusini huchipua. Mkulima hukata ncha ya chipukizi, akatega chombo, na utomvu hudondoka humo. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mbichi ni mtamu, hata mtoto huupenda. Lakini hauhitaji kupikwa wala kutiwa hamira. Ukiachwa tu, saa chache zikipita, huchachuka wenyewe ukawa kileo. Hauna kiwanda, na bei yake ni ndogo. Ndani ya kibuyu kimoja mna ukarimu kwa mgeni, ujira wa kazi ya shamba na ada ya shule ya mtoto wa muuzaji.

Hapa ndipo somo lilipo. Anayefika kijijini na kusema "pombe ni haramu, iacheni" amesema kweli, wala hukumu hiyo haina mjadala. Ila hajaanza kazi ya mnasihi. Mnasihi huuliza: mtu huyu hunywa lini, na nani, baada ya jambo gani? Akiacha, jioni zake atazipeleka wapi, na rafiki zake watakuwa akina nani? Msimu wa mianzi ukirudi, atasimamia nini?

Dini yetu yenyewe imetufundisha mwendo huu. Katazo la ulevi halikushuka kwa siku moja. Ilianza aya ya Surat al-Baqara iliyobainisha kuwa madhara yake yanapita manufaa, ikafuata ya Surat an-Nisaa iliyowazuia waumini kuikaribia Swala wakiwa wamelewa, kisha likaja katazo kamili katika Surat al-Maida. Tena imepokewa katika Bukhari kwamba mtu mmoja aliletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa kunywa pombe. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akaeleza kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume Wake. Adhabu ilikuwepo, lakini mlango wa udugu haukufungwa.

Nia njema peke yake haitoshi, kwani ujinga katika kazi hii huua. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona yasiyokuwepo, kupata degedege na hata kufariki. Anayemshawishi aape msikitini usiku huo huo, bila kumfikisha hospitali, huenda akamwangamiza akidhani anamwokoa. Mnasihi aliyefunzwa huzitambua dalili hizo na hujua wakati wa kumkabidhi mgonjwa kwa daktari. Hujifunza pia kusikiliza bila kukemea, kuitunza siri kama amana, na kuzungumza na mke na watoto ambao wameubeba mzigo huo kimyakimya.

Elimu hiyo haipo mbali. Iringa mjini, Chuo Kikuu cha Iringa, kilichoanzishwa na Walutheri, hufundisha saikolojia ya ushauri. Kwa waliotekwa na heroini, Tanzania ilianza tiba ya methadone katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, na sasa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya nayo inaitoa. Dawa hiyo hutuliza mwili usiutamani unga. Haimfundishi mtu kurudi nyumbani kwake, kuomba radhi na kutafuta kazi. Sehemu hiyo ni ya mnasihi.

Basi swali liwafikie wazazi na viongozi wa misikiti. Tunawasomesha vijana wetu udaktari, uhasibu na sheria, na tunafurahi. Ni wangapi tumewalipia ada wakasomee kazi hii? Ikiwa kuokoa nafsi ni faradhi ya kutosheleza, basi mji usio na hata mmoja anayeitekeleza, dhambi huwaenea wote. Kamati ya msikiti inayochangisha fedha za zulia inaweza kuchangisha pia ada ya mwanafunzi mmoja, mwanamume au mwanamke, atakayerudi kuwahudumia watu wake.

Wakati huo mianzi itaendelea kuchipua kila msimu, na kilabu kitafunguliwa. Aliyelewa jana atahitaji mtu wa kubisha hodi kwake asubuhi, mwenye subira na elimu pamoja.

Wabillahi Tawfiiq.