Maji ya Aprili Mjini Bangkok

Msomaji mpenzi, ukipata safari ya kwenda Bangkok, mji mkuu wa Thailand, usiende mwezi wa Aprili ila kama una moyo wa kuvumilia. Ndio mwezi wa joto kuliko yote huko. Jua husimama utosini, na kipimo hufika digrii 35 na kupita. Mimi ni mtu wa pwani, Februari ya Dar es Salaam naijua sana. Hata hivyo siku ya kwanza nalitembea nikijibanza kwenye vivuli vya kuta kama kuku.

Lakini ndio mwezi wa furaha pia. Tangu tarehe 13 hata 15 Wathai hufanya Songkran, mwaka mpya wao wa jadi. Kwa hesabu ya serikali mwaka huanza Januari mosi, tangu 1941. Lakini ni nani awezaye kumnyang'anya mtu sikukuu ya babu zake? Katika barabara za Silom na Khao San watu kwa maelfu humwagiana maji kwa ndoo na bastola za plastiki. Tia fedha na simu yako katika mfuko usiopenya maji, kisha kubali kulowa. Saa ya kwanza nalifurahi mno. Saa ya pili, nikwambie kweli, nalichoka.

Mama mjane aliyenipangisha chumba hakutoka kabisa. Alikuwa akimngoja mwanawe, afanyaye kazi Khon Kaen, yapata kilometa 450, naye anakuja kwa pikipiki. Wenyeji huita juma lile "siku saba za hatari", kwani kila mwaka watu zaidi ya 200 hufa barabarani, wengi wao wapanda pikipiki. Mwendo wa kasi na ulevi ndivyo viuavyo. Kila siku televisheni hutangaza idadi yao. Mama aliizima, akaiwasha, akaizima tena. Aliniandalia wali katika maji ya barafu yenye harufu ya asumini, chakula chao cha majira ya joto. Yeye mwenyewe hakula.

Kijana alifika magharibi, amejaa vumbi. Mama alimgombeza kwa muda mrefu, nami sikuhitaji mkalimani.

Asubuhi yake alipiga magoti, akamwagia mama mikononi maji yenye maua ya asumini, polepole, naye mama akambariki. Hiyo ndiyo Songkran yenyewe, msomaji. Vita vya ndoo vimezaliwa humo. Ukienda, tafuta nyumba yenye wazee. Mimi nami nilipewa bakuli, nikamwagia.

Tarehe 16 kijana alirudi kazini kwa treni. Pikipiki ilibaki uani, na ufunguo wake nalimwona mama akiufunga katika pindo la nguo yake.