Mkataba na Jirani

Mkataba ni ahadi iliyoandikwa. Watu wawili huketi mezani, hukubaliana, hutia sahihi, hupeana mikono, kisha kila mmoja huenda zake. Lakini mara nyingi mzigo wa ahadi hiyo hubebwa na mtu wa tatu, ambaye hakuwapo mezani wala hakuulizwa neno. Wahenga walisema kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Huenda mtu akawa hayupo kwa uvivu wake, na huenda akawa hayupo kwa sababu hakualikwa. Wa kwanza ana lawama. Wa pili ana haki.

Pale Sirari, katika Wilaya ya Tarime, jambo hili hujulikana bila ya kusomwa kitabuni. Mji umekaa juu ya mpaka wa Tanzania na Kenya. Ukivuka hatua chache umefika Isebania. Sokoni shilingi za nchi mbili hupita mkono kwa mkono, na redio za nchi mbili husikika katika nyumba moja. Mpaka wenyewe ulizaliwa na mkataba. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mstari uanzao pwani, penye Mto Umba, na kupanda kaskazini-magharibi hata ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria, penye digrii moja kusini ya ikweta. Mstari ule ulipinda kwa ajili ya mlima Kilimanjaro, lakini haukupinda kwa ajili ya Wakuria. Wairege wakawa wengine huku na wengine kule; Wanyabasi vivyo hivyo. Walioandika hawakuishi mpakani, na walioishi mpakani hawakuandika.

Katika mji huu yupo mzee mmoja aliyefanya biashara ya nafaka tangu ujana wake. Binti yake ameolewa Shirati, kando ya ziwa, na riziki yake ni kuanika dagaa na kuwauza. Mtoto wa binti huyo husoma uhandisi chuoni Dar es Salaam. Wakati wa likizo ya mwaka 2025 kijana alikuja kumwamkia babu yake, na jioni, walipokuwa wakinywa chai, redio ya Kenya ilitoa habari ya mtambo wa umeme wa nyuklia ambao serikali ya nchi ile ilikusudia kuujenga katika Kaunti ya Siaya, ufukoni mwa ziwa lile lile.

Habari hiyo ilikuwa na mizizi mirefu. Kenya iliunda bodi ya umeme wa nyuklia mwaka 2012, na Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ikaifanya kuwa wakala kamili wa serikali. Katika miaka ya 2015 na 2016 zilitiwa sahihi hati za maelewano na mashirika ya Uchina, Urusi na Korea Kusini. Mahali palipotajwa kwanza kwa mtambo ni Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, karibu na bahari ya Watamu, mikoko ya Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wavuvi na wakulima wa Uyombo walikataa. Walipeleka malalamiko yao katika Seneti, na mwaka 2024 waliandamana. Polisi wakawatawanya kwa nguvu. Wakuu walisema kuwa mtambo utakuwa salama na utaleta kazi. Wananchi walisema kuwa hawakushirikishwa katika jambo la ardhi na bahari yao. Mwaka uliofuata serikali iligeuza uso wake kuelekea Siaya, na viongozi kadhaa wa huko waliupokea mpango kwa furaha. Mtambo wa kwanza ulikusudiwa kuwa wa megawati 1,000, uanze kutoa umeme mwaka 2034.

Kijana alifurahi sana. "Babu," alisema, "hii ni elimu kubwa imetukaribia. Kitembe cha urani, kidogo kama ncha ya kidole, hutoa joto karibu sawa na tani nzima ya makaa ya mawe, wala hakitoi moshi. Ufaransa hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kwa njia hii. Afrika Kusini ina mtambo wa Koeberg tangu mwaka 1984. Kwa nini sisi tubaki nyuma?"

"Sina ugomvi na atomu, mjukuu wangu," alijibu mzee. "Nauliza neno moja tu. Mama yako kule Shirati ameulizwa?"

"Mama ni Mtanzania, babu. Hili ni jambo la Kenya, nayo ni nchi huru."

"Na dagaa ni raia wa wapi?"

Kijana alicheka, kisha akanyamaza, kwa kuwa swali lile lilikuwa la mzaha kwa nje na la kweli kwa ndani. Sehemu ya Kenya katika Ziwa Viktoria ni kama sita tu katika mia. Tanzania ina karibu nusu ya ziwa, na iliyobaki ni ya Uganda. Maji huingia kwa mito mingi na kwa mvua, lakini mto utokao ni mmoja tu, Naili, penye Jinja. Kiingiacho katika ziwa la namna hii hakina haraka ya kutoka. Mtambo wa atomu huhitaji maji mengi ya kuupoza, na ndiyo maana hutafutiwa bahari, mto au ziwa. Basi mwenye sehemu sita aweza kutia sahihi, na mwenye sehemu hamsini akabaki msikilizaji wa redio.

Sheria haikulisahau jambo hili kabisa. Mwaka 2003 Kenya, Tanzania na Uganda zilitia sahihi, Arusha, itifaki ya maendeleo endelevu ya bonde la Ziwa Viktoria, ambayo huitaka nchi ikusudiayo kazi iwezayo kuwadhuru wenzake iwaarifu. Lakini serikali kuiarifu serikali si sawa na kumwarifu mama aanikaye dagaa. Barua yaweza kutoka Nairobi ikafika Dodoma bila ya kupita Shirati.

Hatari yenyewe si ya kila siku, na mwenye insafu hataitia chumvi. Mitambo mingi duniani hufanya kazi miaka mingi bila ya msiba. Hata hivyo, mtambo wa Chernobyl ulipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, kengele za hadhari zililia siku mbili baadaye katika mtambo wa Forsmark, nchini Sweden, kabla Serikali ya Kisovieti haijawatangazia walimwengu neno lolote. Upepo ulifikisha habari kuliko jirani.

Mzee hakuhitaji kwenda mbali hivyo kutafuta mfano. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa Nyamongo, katika wilaya yake mwenyewe, yakaingia Mto Tigithe. Wenye mgodi walisema chanzo ni wezi walioiba plastiki iliyozuia maji. Wanakijiji walisema juu ya ng'ombe waliokufa na ngozi za watoto wao. Ubishi ulikuwa mrefu. "Nilijifunza jambo moja," alisema mzee. "Kabla ya msiba, mwenye mkataba hana la kukuuliza. Baada ya msiba, hukutaka wewe ulete ushahidi."

Ndipo kijana aliposema neno ambalo babu yake hakulitazamia. "Na sisi je, babu? Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ni ya nchi yetu. Mwaka 2012 mpaka wa Pori la Selous, ambalo ni urithi wa dunia, ulibadilishwa ili mgodi upate nafasi. Julai mwaka huu wa 2025 Rais amezindua kiwanda cha majaribio pale, pamoja na Warusi wa Rosatom. Urani hiyo itauzwa nchi nyingine. Je, wewe uliwahi kuuliza kama majirani wa mitambo itakayoitumia wameulizwa?"

Mzee alikiweka kikombe chini. Ni rahisi kumwona jirani afungapo mlango. Ni vigumu kuuona mlango uliofungwa na mkono wako. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Umenishinda, na umesema kweli. Basi deni ni letu sote. Leta karatasi."

Kijana aliandika kwa mkono wake, mzee akitaja. Maji yaliyopoza mtambo yatarudi ziwani yakiwa na joto gani? Masalio ya urani, ambayo hubaki na sumu kwa maelfu ya miaka, yatalazwa wapi, na nani atayalinda wakati serikali hizi na wajukuu wake wamekwisha kusahauliwa? Na ikitokea ajali usiku, nani atapiga simu Shirati, na atasema kwa lugha gani? Maswali hayo hayakuukataa umeme. Mwenye kuuliza njia hakatai safari. Na serikali ipendayo mwanga haina sababu ya kuchukia swali.

Siku ya tatu kijana alishuka Shirati akamsomea mama yake karatasi ile. Mama alisikiliza huku akigeuza dagaa juani, asikatize neno. Mwisho alifuta mikono akasema, "Babu yako ameuliza vema, lakini amesahau moja. Andika: umeme wenyewe utafika huku?"

Kijana aliliandika swali la nne. Halikuwamo katika mkataba wowote aliopata kuusoma, wala yeye mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, hakuwa amelifikiri.